Waraka kwa Wanachama wa Kyuso: Tuhesabiwe, Tudai

Wanachama wenzangu,

Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, kila tunapokutana swali ni lile lile: fedha za VVU hugawanywa vipi, na mbona huku kwetu hufika chache? Nimeona niwaandikie, maana jibu lake linatuachia kazi.

Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria hutazama kwanza mambo mawili: uzito wa ugonjwa katika nchi na kipato cha wananchi wake. Kenya iliingia kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2014, kwa hiyo serikali yetu hutakiwa kuongeza mchango wake. Ndani ya nchi nako, penye wagonjwa wengi ndipo fedha huelekea. Utafiti wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wana VVU, lakini Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6.

Siwaonei kijicho ndugu zetu wa Homa Bay; wanastahili kila shilingi. Ila asilimia haioni umbali. Mama wa Ngomeni, huku kwetu, anameza dawa ile ile kila siku kama mwenzake wa kando ya ziwa, na safari yake ya kliniki ni ndefu. Takwimu ikisema sisi ni wachache, haisemi kwamba tumetawanyika. Hilo tutalisema wenyewe, la sivyo halitasemwa.

Kwa hiyo nawasihi, tusipotee kwenye rejista. Kila mwezi kituo hujaza fomu ya MOH 731, na kiasi cha dawa kinachoagizwa hutegemea ripoti za vituo. Mtu akikimbia kiangazi, akaenda kutafuta kibarua Thika bila barua ya uhamisho, huku kwetu huandikwa amepotea, na huko alikokwenda bado hajaandikwa. Mwenye jirani wa namna hiyo ampigie simu leo. Wapo pia wanaojificha kwa kuogopa kujulikana. Waambieni kwa upole kwamba ripoti hiyo hubeba jumla, haibebi majina, na kwamba sheria ya VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake.

Halafu kuna kaunti, na hapa ndipo tumelala. Mwaka 2022 wafadhili waliuahidi Mfuko wa Dunia dola bilioni 15.7, Novemba 2025 waliahidi bilioni 11.34. Pengo hilo hakuna mgeni atakayetuzibia. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katiba inatutaka tushirikishwe. Tukienda vikaoni kudai barabara na maji peke yake, ya VVU nani atayataja? Tudai malipo ya washauri rika, na tudai dawa zifikishwe karibu, Ngomeni na Tseikuru, hata ikiwa ni siku ya soko tu.

Mkutano ujao tutachagua watu watatu wa kutusemea mbele ya kaunti. Asiyetaka kusimama hadharani aniletee dai lake kwa maandishi. Nitalisoma bila kutaja jina.

Wenu,
Katibu