Balozi Yuko Kibandani

Sisi watu wa Tingi tukilalamika, tunalalamika kwa pamoja, tena pale pale Njia Nne, mabasi ya Dar yanaposimama dakika mbili na wauza korosho wanapokimbilia madirishani. Bei ya sembe tumeshailalamikia mpaka imechoka yenyewe. Safari hii tuna shahada.

Binti wa dada yetu amesoma chuo kikuu miaka mitatu. Kozi yake ina jina refu kama barabara ya kupanda Kipatimu: mawasiliano ya kimataifa na masuala ya dunia. Siku ya kwanza alipotutajia, mzee mmoja aliuliza, "Masuala ya dunia yapi, yote?" Tukacheka, kisha tukalifupisha jina ili litamkike: anasomea ubalozi. Hapo ndipo tulipojichanganya wenyewe, maana balozi huku tunaye, wa nyumba kumi, na kazi yake tunaijua. Anaamua kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, anapokea wageni, basi. Huyu wetu tulimtaka wa pili, wa nje.

Wala hatukuwa tunaota. Benjamin Mkapa alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi, mtu wa kusini kama sisi. Alisoma Kiingereza Makerere, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia kule New York kusomea masuala ya kimataifa, akarudi akawa mhariri wa magazeti, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, akawa Rais. Habari na diplomasia ndani ya mtu mmoja. Daraja la Rufiji lililofunguliwa 2003 lina jina lake, na aliyewahi kulala Ndundu akisubiri pantoni huku mbu wakimfaidi hahitaji kuelezwa kwa nini tunalitaja jina hilo kwa heshima. Bernard Membe naye alikuwa wa Rondo, hapa hapa mkoani Lindi. Alisoma Johns Hopkins, akaishika wizara hiyo hiyo kuanzia 2007 hadi 2015. Kisha wazee wakatutajia Salim Ahmed Salim, aliyepelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Miaka 22! Binti yetu katika umri huo alikuwa anazunguka na bahasha Dar akitafuta ofisi ya kumpokea fildi.

Chuo cha diplomasia cha Kurasini, ambacho Tanzania na Msumbiji walikianzisha pamoja mwaka 1978, sasa kina jina la huyo Salim, na kiko jirani na Barabara ya Kilwa. Wazee waliliona hilo kama ishara. Barabara ni hii hii inayotupitia mlangoni. Ukiishika kuelekea kaskazini bila kukata kona, unatokea penye ubalozi. Binti yetu hakusoma pale, alisoma kwingine, na jina la chuo tunalifunika na kawa. Lakini hesabu ya barabara ilishatuingia kichwani.

Basi tukachanga. Mkopo ulitoka pungufu, boom, ile hela ya kujikimu, likawa linachelewa, na pengo tukaliziba sisi. Mama yake aliuza ufuta. Mjomba wake aliuza pikipiki, akarudi kutembea kwa miguu na kusema daktari ndiye aliyemshauri. Mtoto wa watu huku hasomeshwi na baba na mama tu, anasomeshwa na ukoo, na ukoo una kumbukumbu ndefu kuliko daftari la deni.

Likizo alikuwa anatusimulia. Alitueleza Amani ya Westphalia ya 1648, ambayo ndiyo wanayoanzia, kwamba hapo ndipo nchi zilipojifunza kuheshimiana mipaka. Akatueleza vita baridi, akatueleza nadharia za Wazungu watatu wanaobishana na hawajawahi kukutana. Tulimsikiliza vizuri. Mzee mmoja ndipo akauliza, "Na Kilwa?" Akasema Kilwa waliigusa siku moja, kwa haraka.

Siku moja! Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, miaka mia tatu na ushei kabla ya hiyo Westphalia. Sarafu za Kilwa ziliokotwa na askari mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na mpaka leo wataalamu wanakuna vichwa zilifikaje. (Hela yetu imetembea dunia nzima, ila mfukoni mwetu haikai.) Na kama ni mikataba, basi mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Upande mmoja Sultani, upande wa pili Mfaransa. Wale elfu moja hawakualikwa kikaoni.

Sisi tungependa mtoto afundishwe hilo wiki nzima, kwa sababu sisi mambo ya kimataifa hatuyafuati, yanatufuata yenyewe. Korosho zetu zinakwenda India na Vietnam. Mwaka 2018 wanunuzi walipogomea bei, Serikali ikaingia kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kusomba magunia; sisi tulikuwa tumekaa juu ya magunia hayo tukiulizana nani kakasirishwa na nani. Ufuta ukishuka mnadani tunaambiwa soko la dunia limeyumba. Limeyumbishwa na nini? Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar tangu 2004, bomba jingine la kutoka Mtwara likazinduliwa 2015, na mkuza wake umekata mashamba mengi ya watu wa pwani hii. Mradi wa gesi ya kusindika pale Likong'o, Lindi mjini, ulitiwa saini za awali Juni 2022, ukatajwa kwa mabilioni ya dola, na tangu hapo tunasikia mazungumzo. Mpingo wa misitu ya vijiji vya Kilwa unageuka zumari za Wazungu, na kuna vijiji wilayani vilivyopata cheti cha kimataifa cha kutunza msitu tangu 2009. Mkulima wa Tingi anashughulika na nchi tano kabla hajanywa chai, ila hakuna hata moja anayoielewa inasema nini.

Ndiyo maana tulimtaka balozi.

Sasa tuwaeleze mkutano. Walikuja wageni wa mradi fulani, gari mbili nyeupe, wakaketi chini ya mwembe kwenye viti tulivyoazima kwa mwenye shughuli. Mzungu akaongea. Aliongea mpaka kivuli cha mwembe kikamkimbia, akawa anasogeza kiti kukifuata. Mkalimani, kijana waliyemleta kutoka mjini, akasimama, akakohoa, akasema, "Anasema anashukuru kwa mapokezi, na kwamba mradi unawajali." Akaketi. Tukapiga makofi. Hata sisi tulijua maneno mengi vile hayawezi kuwa shukrani tupu, lakini ungesemaje?

Binti yetu alikuwa nyuma kabisa, amekaa juu ya mzizi, ndoo ya korosho miguuni. Amekuja kuuza. Mkutano ulipokwisha na gari zimeshatimua vumbi, tulimuuliza. Akatuambia taratibu, kama mtu anayesoma orodha: yule mgeni alisema miti itakayohesabiwa kwenye fidia ni ile inayozaa tayari, michanga haimo. Alisema ukishaweka saini, malalamiko yanapokelewa siku thelathini tu. Alisema karatasi kamili zitakuja baadaye.

Tukashtuka. Mjomba wake akafoka, "Sasa mbona ulinyamaza?"

"Mjomba, mimi sikuitwa. Nilinyoosha mkono mara mbili. Mwenyekiti akasema vijana wasubiri wazee wamalize."

Ni kweli alisema hivyo. Na wazee wenyewe ndio sisi. Kwa hiyo lalamiko hili lina kipande kinachoturudia, na tumekubaliana kukitaja mapema kabla jirani zetu wa Somanga hawajakitaja.

Lakini hatutabeba mzigo wote. Huyu mtoto ameomba kazi mpaka vidole vimeota sugu. Matangazo yanataka uzoefu wa miaka mitatu kwa mtu aliyemaliza mwaka jana. Yanayotaka uzoefu mdogo yanataka kujitolea, maana yake ufanye kazi bila mshahara Dar es Salaam, ambako hata maji ya kuoga yananunuliwa. Mwenye nyumba hapokei kujitolea. Wa ubalozini wanachukuliwa wachache, na nafasi zikitangazwa waombaji wanajaa kama dagaa kwenye ungo. Akija kuajiriwa, kwenye mshahara litakatwa deni la mkopo, asilimia 15 kila mwezi. Hilo hatulikatai, deni ni deni. Tunachouliza ni huo mshahara wa kukatwa.

Kuna jingine linalotuuma zaidi, nalo ni lugha. Redio inatuambia kila mwaka Julai 7 ni siku ya Kiswahili duniani. SADC walikipokea 2019, Umoja wa Afrika wakakifanya lugha ya kazi 2022. Sisi tulishangilia, mtu asishangilie vipi lugha ya bibi yake ikikaa Addis Ababa kwenye kiti cha kuzunguka? Lakini binti huyu kozi nzima amesomeshwa kwa Kiingereza, mtihani Kiingereza, andiko la mwisho Kiingereza, kuhusu nchi ambayo hajawahi kuiona. Tulipomwomba atueleze "mdau" ni nani hasa, kwa sababu kila mgeni anatuita hivyo, alifikiri kidogo akasema, "Ni mtu anayeguswa na jambo, hata kama haamui." Huo ndio uchambuzi mzuri kuliko wote tuliowahi kuupata kutoka katika ile ada, na hakuna mwalimu aliyemuuliza swali hilo.

Jioni alikuwa anakaa kibandani na mama yake wakifunga korosho. Anajaza pakiti ya nailoni, anakunja mdomo wa pakiti juu ya kipande cha msumeno wa chuma, anaupitisha kwenye mwali wa mshumaa mara moja, haraka. Akichelewa nailoni inaungua, akiwahi haishiki. Mkono umeshazoea. Basi likipiga breki anasimama, na akiona abiria mgeni dirishani anabadilisha lugha bila kuvuta pumzi. Alikuwa anauza kuliko wenzake wote. Wenzake walimwita Mheshimiwa Balozi, na aliitika.

Mwezi uliopita akapata nafasi ya kujitolea mjini, miezi sita. Tukakaa tena kikao. Mjomba hana pikipiki nyingine ya kuuza. Tukachanga nauli na gunia la mihogo mikavu, tukamsindikiza stendi Alhamisi alfajiri, mama yake akimrudishia mtandio kichwani kila ukipeperuka.

Jumamosi karatasi zikaja. Kurasa kumi na nne, Kiingereza kitupu, na mwisho mistari ya kuweka saini ya kijiji. Aliyezileta alisema atapita Jumanne kuzichukua. Mwenyekiti akazigeuza, akazinusa karibu, akauliza nani ana simu yenye kamera safi. Tukazitandaza juu ya meza ya mama lishe, tukaziwekea vikombe pembeni zisiruke, tukapiga picha moja moja na kumrushia WhatsApp. Mtandao ulikuwa unakwenda kwa kuchechemea. Saa nne usiku sauti yake ikaingia, nyuma yake tunasikia honi za Mbagala na mtoto wa watu analia:

"Shikamooni wote. Nimeona. Msiweke saini kwanza. Ukurasa wa sita umekatika chini, na hapo ndipo penye fidia. Upigeni tena, mshike taa."