Watazamaji wa Tamasha la Bagamoyo waanzie Fukayosi

KILA mwaka mji wa Bagamoyo hupokea wageni wa Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni, linaloandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Tamasha hilo lilianza miaka ya 1980, wakati taasisi hiyo ikiitwa Chuo cha Sanaa. Huja wasanii kutoka mikoani na nje ya nchi, huja watalii na wakazi wa Dar es Salaam. Swali ambalo halijapata jibu la kutosha ni kwa nini mkulima wa Fukayosi, kata iliyo ndani ya wilaya hiyo hiyo, aone kuwa tamasha hilo linamhusu.

Baadhi ya wadau hujibu haraka kwamba wananchi wa vijijini hawana mwamko wa sanaa. Jibu hilo si la kweli. Mdundiko ukipita, watu huacha shughuli zao wakaufuata, na wapo wanaojikuta kijiji cha pili bila kutarajia. Simba na Yanga zinapokutana, mabanda ya kuonyeshea mpira hufurika hadi nje. Mwamko upo. Ambacho hakijafanywa ni hesabu ya mkulima.

Waandaaji wengi hudhani gharama ya mtazamaji ni kiingilio. Kwa mtu wa Fukayosi, kiingilio ni sehemu ndogo. Kuna nauli ya kwenda, kuna chakula, kuna kazi iliyolala shambani. Zaidi ya yote kuna safari ya kurudi. Maonyesho yanayovutia zaidi hufanyika usiku, na barabara ya Bagamoyo hadi Msata yenye kilomita 64, ingawa siku hizi ni ya lami, haina uhakika wa gari saa tano za usiku. Anayebaki hadi ngoma ya mwisho hulazimika kukodi bodaboda au kuomba mahali pa kulala. Hata kiingilio kikifutwa kabisa, mtu huyo bado hana namna ya kufika nyumbani.

Kuna pia suala la majira. Zamani tamasha lilizoeleka kufanyika mwishoni mwa Septemba. Katika miaka ya karibuni limekuwa likiangukia Oktoba au Novemba. Huo ndio wakati wa mvua za vuli. Mvua ya kwanza ikinyesha mkulima hana ruhusa ya kuacha mbegu ghalani akatazame sarakasi, na hakuna tangazo la redio litakalombadilisha.

Hata hivyo, mkulima huyo huyo anaweza kuja ikiwa safari itamlipa. Ukanda wa Fukayosi na Kiwangwa ni wa nanasi, na nanasi lililomenywa na kukatwa vipande huleta fedha zaidi kuliko likiuzwa zima kwa mchuuzi anayesimamisha lori barabarani. Ipo mihogo, yapo madafu, ipo mikeka ya ukili.

Ichukuliwe hesabu ya mfano tu. Kikundi cha akina mama kinakodi Coaster ya abiria 25 kwa Sh100,000, kwenda na kurudi usiku. Kila mmoja anachangia Sh4,000. Mwenye mananasi 40 akipata faida ya Sh300 kwa kila moja, mkononi ana Sh12,000. Akitoa nauli anabakiwa na Sh8,000, na ngoma ameitazama. Lakini akitozwa Sh10,000 ya meza, anarudi na hasara ya Sh2,000. Mwakani haji, na jirani yake atakayesimuliwa haji pia. Ushuru wa meza unaoonekana ni mapato kwenye vitabu vya mwandaaji ndio unaofukuza watazamaji mlangoni.

Wenye mpira walilielewa jambo hili mapema. Simba ilianzisha Simba Day mwaka 2009, ikaiweka Agosti 8, na Yanga ikafuata na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi 60,000 haujazwi na mabango ya siku moja. Matawi huanza kazi siku nyingi kabla: hukusanya wanachama, hukodi magari, hushona jezi. Anayekuja amekwisha kuwa mshiriki kabla ya kukata tiketi. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, nalo liliwahi kupeleka maonyesho hadi vijijini Unguja na Pemba badala ya kusubiri wanavijiji waje Mji Mkongwe.

TaSUBa ina wanafunzi wanaohitaji jukwaa. Kikundi kimoja kikicheza jioni katika uwanja wa shule Fukayosi wiki mbili kabla ya tamasha, na ngoma za Wakwere wenyewe wa hapo zikapewa nafasi ya kwanza, watu watakuwa na sababu ya kufuatilia. Kikundi cha kijiji kikichaguliwa kwenda kucheza mjini, ndugu zake watakodi gari bila kuombwa.

Makumbusho yana mtihani mgumu zaidi, kwani hayana ngoma ya kuvuta watu. Kiingilio cha Mtanzania katika maeneo ya mambo ya kale kiko chini ya kile cha mgeni wa nje, na bado wakulima hawaonekani Kaole wala Caravan Serai. Pengine ni kwa sababu habari inayosimuliwa zaidi ni ya pembe, watumwa na wageni waliopita. Misafara ya karne ya 19 ilikuwa na mamia ya wapagazi, na wapagazi hula. Nafaka na mihogo yao ilitoka kwa wakulima wa Uzaramo, Ukwere na Udoe. Mkulima akikuta hapo habari ya babu yake aliyekuwa akiuzia misafara chakula, atamleta mwanawe.

Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo na waandaaji wanaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji mfadhili: tarehe ya kudumu inayotangulia vuli, na msamaha wa ushuru wa meza kwa wauzaji wanaotoka vijiji vya wilaya. La gari la usiku lipelekwe kwa wenye Coaster wa barabara ya Msata, wakae na viongozi wa vikundi kabla ya msimu, wapatane bei na saa ya kuondoka.