Kabla hujajiita wa kwanza, isikilize Sunburst

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo, jina ninalo ila leo namsitiri. Kila akishika maiki anatuambia yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kupiga roki yenye vionjo vya Kiafrika. Mtangazaji naye, badala ya kumuuliza swali, anacheka tu. Jamani! Huku Nakwa, Babati, tuko mbali na studio zenu, lakini masikio tunayo.

Haya, tuwekane sawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale Dar es Salaam kulikuwa na bendi inaitwa Sunburst. Bendi nyingi za jiji zikiwa kwenye rumba, hawa walichukua gitaa la roki na kinanda cha soul, wakachanganya na midundo ya nyumbani. Waliimba Kiswahili na Kiingereza. Wimbo wao mmoja unaitwa Enzi za Utumwani, kwa hiyo msiniambie walikuwa wanaiga Wazungu tu.

Hawakudumu. Walitoa albamu moja, Ave Africa, mwaka 1976, na hata hiyo ilitokea Zambia. Baada ya hapo kimya. Miaka 40 ikapita, mwaka 2016 lebo ya Strut ya London ikaikusanya albamu hiyo pamoja na rekodi zao za tangu 1973, ikaziuza upya. Yaani mzungu wa London anaijua Sunburst, mtangazaji wetu haijui!

Najua mtakuja na hoja. Moja: "bendi ilikufa mapema, ya nini kuifufua?" Mbona Uingereza bendi za miaka miwili mitatu zinatolewa upya na kuandikiwa vitabu? Umri wa bendi haufuti ilichorekodi. Hoja ya pili: "mbona ndani walikuwemo wageni?" Sawa, basi mtoeni na Remmy Ongala, maana alizaliwa Kindu, Kongo. Nani atathubutu? Muziki uliozaliwa Dar ni wa Dar, bhana.

Na hili si suala la kumchamba staa. Uongo wa "mimi wa kwanza" unawaumiza watu wawili. Mzee aliyetangulia anafutwa, na kijana anayejifunza gitaa leo hapa Babati anaambiwa hana alikotoka. Akitaka roki anaangalia Marekani, kumbe babu zake walishaipiga kwa Kiswahili! Na yeye nyimbo zake ziko kwenye simu tu. Ikiibiwa, kesho atakuja mwingine kujiita wa kwanza.

Mtangazaji, kazi yako ni ndogo: wiki hii piga Sunburst dakika tano, halafu mwite staa wako aseme tena, tumsikie.

Wadau, wazee wenu wana santuri gani za enzi hizo kabatini? Dondosha komenti hapo chini. Matusi hapana, hoja ruksa.