Tukodishe Shamba la Chai ili Asomee Majani?

Msomaji mpendwa, ikiwa nyumbani kwako yumo kijana aliyemaliza digrii ya kwanza na sasa ameanza kunong'ona habari za kurudi chuoni, vuta kiti. Haya ya leo yanakuhusu.

Majuzi shemeji yangu alinipigia simu akinitaka nihudhurie kikao cha familia nyumbani kwake, si mbali na soko la Kebirigo, kaunti ya Nyamira. Nilifunga safari nikidhani ni mambo ya posa. Kumbe posa haikuwapo. Binti wa dada yangu, ambaye ana digrii ya kilimo, alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya molekuli za mimea. Karo yake huhesabiwa kwa malaki ya shilingi, na shemeji alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kukodi shamba lake la chai kwa miaka mitano, pesa taslimu mkononi. Kilichosalia ni wazee kuafikiana na mimi, mjomba mtu, kutoa neno.

Aliyekuwa wa kwanza kusema ni nyanya ya binti, ambaye pale nyumbani wote humwita magokoro.

"Huyu mtoto alisomea kilimo miaka minne," akasema. "Sasa anarudi kusomea majani. Sisi hapa tunachuma nini kila siku kama si majani?"

Watu wakaangua kicheko. Binti hakucheka.

Nakiri kwamba nilipotakiwa kusema, nilikosa la kusema. Mimi elimu yangu iliishia kwenye diploma ya uandishi wa habari, na neno molekuli nililiacha katika kidato cha nne. Nikaomba kikao kiahirishwe hadi kesho yake, na jioni nzima nikakaa na binti jikoni akinieleza. Niliyoyasikia humo ndiyo ninayokuletea, pamoja na mengine niliyoyatafuta baadaye.

Alianza na jambo ambalo kila mkulima wa Gusii analikumbuka. Mwezi wa Septemba 2011, wakulima wa Longisa, kaunti ya Bomet, waliona mahindi yao yakifa kwa namna ya ajabu. Majani yaligeuka manjano kuanzia kingo zake kuelekea katikati, moyo wa mmea ukakauka, na maganda ya hindi yakapauka kana kwamba ni wakati wa kuvuna, ilhali ndani hamna punje, au zimo chache zilizosinyaa. Bomet na Nyamira ni majirani, mpaka wao ni wa kuvuka kwa miguu. Msimu wa 2012 ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia Nyamira na Kisii, na walioshambuliwa vibaya hawakuvuna hata debe.

Je, wewe ungesema ni nini? Wengi walilaumu mbegu. Wengine walisema ni mbolea, wengine ukosefu wa mvua. Na usiwacheke, kwa sababu mahindi yenye njaa ya mbolea nayo huwa manjano, na yenye kiu nayo hukauka. Macho peke yake hayakutosha.

Ilibidi majani yale yapelekwe maabara. Watafiti wa KARI, taasisi ambayo sasa ni KALRO, pamoja na wenzao wa nchi za nje, wakatoa jawabu mwaka 2012: si kirusi kimoja bali viwili vilivyokutana ndani ya mmea mmoja. Kimoja ni cha mahindi, kilichojulikana kwanza huko Peru katika miaka ya 1970. Cha pili ni kirusi kinachofahamika zaidi katika miwa. Kila kimoja kikiwa peke yake, mmea hudhoofika lakini aghalabu huponea. Vikikutana, huua. Ndoa hiyo mbaya ilikuwa imeonekana Marekani, katika jimbo la Kansas, mwaka 1976. Kwetu ilikuwa mgeni kabisa, na kutoka hapa ikasambaa hadi Tanzania, Uganda, Rwanda, Kongo na Ethiopia.

Ndipo nikamuuliza binti: sasa hao wa maabara hufanyaje?

Msomaji, ukifikiria maabara, huenda unawaza mitambo ya kutisha. Kazi huanza na kinu na mchi! Jani hutiwa katika kinu kidogo cha kauri na kumwagiwa naitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sufuri. Jani huwa kavu kama kioo, nawe hulitwanga likawa unga. Kutoka unga huo huondolewa mafuta, protini na takataka nyingine hadi yabaki matone machache yenye zile nyuzi zinazobeba maagizo ya uhai, ya mmea wenyewe na ya kirusi ikiwa kimo.

Nyuzi za kirusi ni chache mno kuonekana, basi hunakiliwa. Mashine iitwayo PCR, ambayo mbinu yake ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 1993, hupasha matone hayo moto hadi karibu nyuzi 95, huyapoza, kisha huyapasha tena. Katika kila mzunguko nakala huongezeka maradufu. Chukua shilingi moja, uizidishe maradufu mara 30, utaona umepita bilioni moja. Ndivyo inavyokuwa kwa kipande kile cha kirusi. Mwishowe hupitishwa kwa nguvu za umeme katika kitu mfano wa uji ulioganda, kilichotengenezwa kutokana na mwani wa baharini. Kikimulikwa, mstari mmoja mdogo hung'aa. Mstari upo mahali pake, kirusi kimo. Haupo, katafute sababu nyingine.

"Mjomba," binti akaniambia, "kwa mstari huo unajua kama umwambie mkulima anunue mbolea ama ang'oe mahindi na apande viazi."

Hapo nikaelewa. Ushauri hugeuka kabisa. Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani, na kidogo kwa mbegu, na hustawi pale mahindi yanapopandwa msimu hadi msimu bila kupumzisha ardhi. Dawa yake haipo. Mkulima huambiwa ang'oe yaliyougua na abadilishe mazao. Sasa mwambie hivyo mtu wa Gusii! Kwa hesabu ya watu ya 2019, Kisii ina watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, juu ya vilima ambavyo baba hugawa hata nusu ekari kwa wanawe. Ukimwambia mtu mwenye kipande kama hicho apumzishe mahindi msimu mzima, umemwambia akanunue unga dukani. Afadhali uwe na hakika kabla ya kumpa ushauri huo.

Watafiti hawakukomea kuutambua ugonjwa. Mwaka 2013 KARI na kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, walifungua huko Naivasha shamba la majaribio ambamo mahindi huambukizwa makusudi ili ionekane ni aina gani zinazostahimili. Hapo nako wanahitajika watu wanaoweza kusoma jini za mahindi na kusema ni ipi inayoleta ustahimilivu, badala ya kungoja misimu kumi.

Nilidhani pia kwamba kusomea molekuli ni kusomea kutengeneza vyakula vya GMO, ambavyo serikali ilivipiga marufuku mwaka 2012, na ilipoondoa marufuku hiyo Oktoba 2022 kesi zikafuata. Binti akanirekebisha. Wanafunzi wengi wa uzamili hawabadilishi chochote ndani ya mmea, wanausoma tu. Naandika hili kwa sababu najua kuna mzazi atakayeambiwa kanisani kwamba mwanawe anasomea kuharibu mbegu.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndipo kikao kilipokwama.

Kwenye karatasi, uzamili ni miaka miwili: wa kwanza wa masomo ya darasani na mtihani, wa pili wa utafiti na kuandika tasnifu. Usipange mambo yako kwa karatasi hiyo. Kabla ya kuanza utafiti, mwanafunzi huandika pendekezo, hulitetea, kisha huomba kibali cha NACOSTI. Kemikali nyingi huagizwa kutoka ng'ambo, husafirishwa katika barafu, na zikichelewa uwanja wa ndege zinaharibika. Majani yaliyokusanywa hukaa kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Umeme ukipotea na jenereta igome, kazi ya msimu mzima imekwenda. Binti anawajua waliotwanga majani miezi minane bila kuuona ule mstari. Wengi humaliza kwa miaka mitatu, wengine minne.

Karo, kwa hiyo, ndiyo nyoka mdogo. Nyoka mkubwa ni gharama ya maabara. Mzazi, kabla ya kulipa hata senti, mwulize mwanao swali moja: msimamizi wako ana mradi wenye pesa za kemikali, au utazinunua mwenyewe? Kama jibu ni la pili, ngoja kwanza. Wasimamizi wenye miradi wapo, na mara nyingine mradi hulipa hata karo. DAAD ya Ujerumani imekuwa ikidhamini wanafunzi wa uzamili hapa hapa nchini, RUFORUM yenye makao yake Makerere hutoa misaada kwa utafiti wa kilimo, na HELB ina mikopo ya uzamili, si ya digrii ya kwanza peke yake kama wengi wanavyodhani.

Na kazi je? Sitakudanganya. Wenye kuwahitaji wataalamu hawa ni KALRO, KEPHIS inayokagua mbegu na mimea inayoingia nchini, kampuni za mbegu, vyuo, na watafiti wa chai wa Kericho waliotoa ile chai ya zambarau mwaka 2011. Nafasi ni chache, na nyingi ni za mkataba. Anayekwenda huko akitarajia gari baada ya miaka miwili atafute somo jingine.

Kesho yake kikao kiliporudi, nikasema maoni yangu: binti asome, lakini shamba la chai lisikodishwe. Chai huleta pesa kila mwezi na bonasi kila mwaka. Kuiacha miaka mitano kwa masomo yasiyojulikana yataisha lini ni kukata mti kwa sababu ya tunda moja. Shemeji hakupendezwa hata kidogo.

"Wewe ndiwe mjomba wake, na ndiwe unayemfungia mlango?" akaniuliza mbele ya wazee.

Lilinichoma neno hilo. Dada yangu aliinama akawa anachezea leso yake. Binti ndiye aliyeniokoa. Alisema kuna mwalimu mmoja mwenye mradi wa virusi vya mahindi ambaye amekubali kugharimia maabara yake, ila karo na chakula ajitafutie. Hakuwa amelisema mapema kwa kuwa alimwona baba yake ameshikilia habari ya kukodisha, naye akaogopa kumvunja moyo. Wazee wakapiga hesabu upya: bonasi ya mwaka huu, mkopo wa HELB ukipatikana, na mikaratusi michache ya kule mtoni. Ilikaribia kutosha karo ya mwaka wa kwanza.

Magokoro alikuwa ametoka nje wakati hesabu zinapigwa. Akarudi na jani la hindi kutoka shambani kwake, lenye kingo za manjano, akalitua kwenye mapaja ya mjukuu wake.

"Haya, wewe msomi. Niambie hili linaumwa nini."

Binti akaligeuza juu na chini, akalitazama kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu. "Magokoro, huenda ni njaa ya mbolea. Huenda ni ule ugonjwa. Kwa macho siwezi kukuapia."

"Basi hata wewe hujui."

"Sijui. Lakini kuna namna ya kujua."

Bibi akanyamaza. Halafu akasema kwamba kama ataenda huko chuoni, majani ya kwanza ya kutwangwa yatoke kwenye shamba lake, na jibu aletewe hapa nyumbani kwa Ekegusii, si kwa karatasi ya Kiingereza. Binti akakubali mbele ya wote.

Yule wa kukodi shamba ameambiwa asubiri bonasi itoke. Maombi ya HELB yamepelekwa, na hadi naandika haya jibu lilikuwa halijaja.