Msitu si akiba ya mashamba mapya



Tangu bei ya kakao ilipopanda, katika kila mkutano ninasikia neno moja: "Agronomu, tuonyeshe fasi mupya ya kukata." Hapa kwetu Mambasa, fasi mupya maana yake ni msitu wa Ituri. Jibu langu ni hapana. Nieleze sababu.

Kwanza, udongo. Tunaona miti minene, tunafikiri chini kuko utajiri. Sivyo. Katika msitu wa mvua, chakula kingi cha mimea kiko ndani ya miti yenyewe na ndani ya majani yanayooza juu ya udongo. Ukikata na kuchoma, majivu yanakupa mavuno mazuri misimu miwili ao mitatu. Kisha mvua imekwisha kusomba mbolea, na mpunga unabaki mufupi. Wazee munalijua jambo hili kunipita mimi.

Pili, mvua. Miti inavuta maji chini na kuyatoa kwa majani, yanakuwa mvuke, na mvuke unarudi kuwa mvua. Anayemaliza msitu anapunguza mvua ya shamba lake mwenyewe.

Tatu, vidudu. Maua ya kakao yanachavushwa na vidudu vidogo sana, vidogo kuliko imbu. Vinazaliana kwenye majani yanayooza na kwenye vigogo vya ndizi vyenye maji. Shamba la jua tupu, lililofagiliwa kama kiwanja, halina fasi yao.

Hapa lazima nikubali kosa langu. Nilipotoka masomoni, niliwaambia wakulima waondoe kila muti wa kivuli. Wengine walinisikia. Kiangazi kilipokuja, kakao yao ndiyo iliteseka ya kwanza. Ni kweli kwamba kivuli kizito kinaleta ugonjwa wa maganda meusi. Lakini dawa ni kupunguza matawi ili mwanga na upepo vipite. Si kumaliza miti yote.

Najua mama mumoja ataniuliza: "Na minervale ya watoto, utalipa wewe?" Ana haki. Kukataza peke yake hakujazi sufuria. Ndiyo maana ninaomba kila koperative ianzishe kitalu chake. Tubadilishe kakao nzee safu kwa safu, ili safu zingine ziendelee kuzaa. Kakao changa inangoja miaka 3 ao 4. Katikati yake tupande ndizi, zitupe chakula na kivuli pamoja.

Tena, soko linatuangalia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataa kakao ya shamba lililokatwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini haikufutwa. Mutu mumoja akichanganya kakao ya namna hiyo ndani ya depo, mzigo wa wote unaweza kukataliwa.

Na kuko okapi. Dunia nzima, porini anaishi inchini mwetu tu. Hifadhi yake hapa Ituri iliundwa mwaka 1992. Hana sauti kwenye mkutano wetu. Lakini msitu unaomficha yeye ndio unaotuletea mvua sisi.

Kabla ya kunoa panga, mwezi huu tuhesabu kwanza miti mizee ndani ya mashamba tuliyo nayo. Kazi ianzie pale.