Anayejua Umri Wetu Ndiye Aulizwe

Wengi wenu mlikuwapo katika mjadala wa muhula wa kwanza, ule uliokuwa na mada kwamba serikali ya Kenya ipige marufuku akaunti za mitandao ya kijamii kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 16. Matokeo mnayakumbuka. Wapinzani walishinda kwa kura nyingi, na makofi yakapigwa hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Si ajabu. Ukimwuliza kuku kama kisu kinolewe, wategemea jibu gani? Mimi nilikuwa nimeinua mkono lakini kengele ikalia, kwa hivyo naomba nafasi katika jarida letu niyaseme yangu.

Naiunga mkono sheria ya namna hiyo, ila si kwa sababu zilizotolewa siku ile na watetezi wa mada. Wao methali ya samaki mkunje angali mbichi waliitaja mara tano (nilihesabu), na hawakutuambia sheria yenyewe husema nini. Hebu tuitazame.

Sheria iliyozua maneno haya yote ni ya Australia. Bunge lao liliipitisha mwishoni mwa Novemba 2024, nayo ikaanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025. Inazitaka kampuni zenye mitandao kama Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X na YouTube zichukue hatua za kuridhisha kuhakikisha kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 hana akaunti kwao. Mzazi hawezi kumpa mtoto ruhusa, hata akitaka. Lakini sikilizeni, kwa maana hapa ndipo mjadala wetu ulipopotea njia: mtoto akipatikana na akaunti hashtakiwi, wala wazazi wake hawashtakiwi. Anayetozwa faini ni kampuni, na faini hiyo yaweza kufika dola milioni 49.5 za huko, yaani zaidi ya shilingi bilioni nne za kwetu. Mzungumzaji wa pili wa upinzani alituambia ati polisi watakuwa wakipekua mifuko ya watoto barabarani. Ilikuwa hotuba tamu na tulicheka sana, lakini hakuna kitu kama hicho.

Jambo jingine lililopotoshwa ni masomo. Si mnajua jinsi sisi wa shule ya kutwa tunavyotegemea video za hesabu na kemia jioni? Basi sheria ya Australia inakataza akaunti, haikatazi kutazama. Mtoto wa huko bado anaweza kutazama YouTube bila kuingia kwa jina lake. WhatsApp haimo katika orodha kwa kuwa kazi yake ni kutumiana ujumbe, na Google Classroom haikuguswa. Kwa hivyo kikundi chetu cha maswali ya Kemia, kile ambacho nusu ya jumbe zake ni vibonzo, kingebaki salama.

Mbona wakaikamata akaunti? Kwa sababu akaunti ndiyo daftari. Ukiwa nayo, kampuni inaandika ulichotazama, ulichorudia, ulichokipita haraka, saa uliyolala na saa uliyoamka, kisha inakupikia chakula chako wewe peke yako. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Video ile inayofuata nyingine bila wewe kuiita haikuja kwa bahati. Kuna watu wenye shahada zao walioketi wakaunda ukurasa usio na mwisho. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, mpira una dakika tisini, hata hotuba za siku ya wazazi hatimaye huisha. Ukurasa ule hauishi. Mwaka 2021 aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nje nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Baadhi yake zilionyesha kwamba watafiti wa kampuni yenyewe waliona Instagram ikiwazidishia shida wasichana wa rika letu ambao tayari walikuwa hawaipendi miili yao. Walijua. Neno hilo liwekeni kando, tutalihitaji.

Kuhusu ile miaka 13 ambayo mitandao mingi hudai, ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyohusu kukusanya habari za watoto bila kibali cha mzazi. Facebook ilikuwa bado haijazaliwa. Na kipimo chake ni nini? Unaandika mwaka wa kuzaliwa, basi. Darasani mwetu kuna watu ambao kwa mujibu wa TikTok walizaliwa mwaka 1990.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye kazi. Kwetu kuna simu moja yenye intaneti, nayo ni ya mama. Baba ana mulika mwizi. Mdogo wangu yuko Gredi ya 5, na mama anapopika yeye ndiye mwenye simu. Akaunti ni ya mama, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, bando la shilingi ishirini amelinunua mama. Kwa hiyo mbele ya kampuni, mdogo wangu ni mwanamke wa miaka 41 anayeuza mboga. Ndiyo maana katikati ya katuni zake huletewa matangazo ya mikopo na ya waganga wa kurudisha mume aliyetoroka. Wapinzani walilitaja jambo hili kama mzaha, ati serikali itamfungia mama akaunti. Mimi naliona kuwa swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Katika nyumba kama zetu, sheria inayotazama akaunti peke yake itakuwa kama mvua juu ya mabati: kelele nyingi, ndani pakavu.

Ndiposa nasema tusiinakili sheria ya Australia neno kwa neno. Tuchukue uti wake wa mgongo, kwamba wa kujibu ni kampuni, kisha tuikataze kampuni isiutue mzigo huo juu ya vichwa vyetu. Maana itajaribu. Itasema, leta kitambulisho. Kitambulisho hapa Kenya hutolewa mtu akifika miaka 18, je, mwenye miaka 16 na 17 atajithibitisha kwa nini? Cheti cha kuzaliwa? Wapo wenzetu ambao cheti hicho wazazi walianza kukitafuta mtihani wa taifa ulipobisha hodi. Au itasema, tazama kamera, mashine ikukadirie umri kwa uso. Serikali ya Australia iliagiza majaribio ya mashine hizo, na ripoti yake ya mwaka 2025 ikaonyesha kwamba makosa huzidi kwa watu wasio Wazungu, na pia kwa wanawake na wasichana walio karibu na umri uliowekwa. Mimi ni msichana Mwafrika wa miaka 16. Mnaona hesabu inavyoniangukia.

Tena kumpima mtoto umri ni kumpima kila mtu, kwa kuwa huwezi kumtambua mdogo bila kumwuliza mkubwa pia. Hapa ndipo hoja moja ya wapinzani iliponigusa kweli. Walitukumbusha Juni 2024, jinsi vijana walivyoelezana Mswada wa Fedha kupitia TikTok na X hadi Rais akakataa kuutia sahihi. Nilikuwa na miaka 14 wakati huo na mambo ya mswada ule niliyajua kwa njia hiyo hiyo, wala si kwa gazeti. Chini ya sheria kama ya Australia ningeweza kutazama baadhi ya hayo, lakini nisingeweza kusema neno. Hiyo ni hasara na sitaki kuificha. Huko Australia kwenyewe vijana wawili wa miaka 15 walikwenda Mahakama Kuu mnamo Novemba 2025 wakilalamika kwamba wananyimwa uhuru wa kuzungumza siasa. Na hapa kwetu, baada ya yaliyotokea 2024, orodha ya kila mtu na kitambulisho chake na maneno aliyoandika ni kitu cha kuogopwa na mzee na kijana.

Lakini je, kampuni inahitaji vyeti vyetu ili ijue? Mdogo wangu akiishika simu ya mama, haipiti nusu saa kabla mapishi na mahubiri hayajageuka kuwa katuni na magari ya mashindano. Hakuna aliyeomba kitambulisho chake. Mashine imemtambua kwa vidole vyake tu, na imefanya hivyo haraka kwa sababu hapo pana pesa. Basi sheria yetu ianzie hapo. Mashine ikishaanza kumhudumia mtu kama mtoto, kampuni ihesabiwe kuwa inajua ni mtoto, hata kama akaunti ni ya nyanya. Papo hapo video zisimame zenyewe baada ya muda, matangazo yakome, na mtu asiyemjua asiweze kumtumia ujumbe. Ikishindwa, faini. Kama wanajua wakati wa kuuza, wajue pia wakati wa kulinda.

Watu watasema Kenya haina nguvu za kuzitisha kampuni kubwa hivyo. Pengine. Lakini tayari tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 33 kinakataza kushughulikia habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na mtoto kwetu ni yeyote wa chini ya miaka 18. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kutoa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa shule inaweza kuadhibiwa kwa picha chache, mwenye kuhifadhi picha zenyewe kwa mamilioni aulizwe nini?

Na hapo, wanachama, sisi pia tumo. Ukurasa wa chama chetu wa Facebook una picha za wanafunzi tangu tamasha za drama, na sikumbuki mzazi yeyote akiulizwa, hata wangu. Napendekeza picha za mwaka huu zisitoke kabla ya wazazi kutia sahihi, na zile za zamani ziondolewe kwa anayetaka. Fomu nimeiandika kwa Kiswahili, ni ukurasa mmoja, na nakala iko kwa katibu.