BARAZA LA MWALIMU: Karatasi Zisigombane



Baada ya toleo lililopita, wasomaji wawili waliniuliza juu ya viza ya muda mfupi ya biashara ya kwenda Ulaya bara. Swali lao lina uzito kwetu sisi tunaoishi Uingereza. Wengi kati yetu wamekaa hapa miaka na miaka, wana ruhusa ya kudumu, lakini pasipoti iliyo mfukoni ni ya Tanzania au ya Kenya. Uingereza haikuingia kamwe katika mapatano ya Schengen. Kwa hiyo ruhusa ya kuishi London au Leicester haimfungulii mtu mlango wa Paris wala wa Berlin. Sharti aombe viza.

Kabla ya kueleza utaratibu wake, sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, kwani ndilo lililonifundisha zaidi kuliko vitabu.

Mwaka 2025, kijana mmoja wa jamii yetu, muuza viungo, alialikwa na kampuni ya Ujerumani inayofunga viungo katika pakiti. Walitaka wakutane Cologne katika maonyesho ya vyakula ya Anuga, ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili, na mwaka ule yalikuwa tarehe 4 hadi 8 Oktoba. Mapema Julai akanijia nyumbani na bahasha yake. “Shikamoo Mwalimu. Nimekuja uniandikie barua ya ubalozini.” Nikamwitikia, nikamkaribisha chai, nikazipitia karatasi zake.

Benki alikuwa na pauni elfu mbili kasoro. Nikaona ni kidogo. Nikamshauri amwombe ami yake pauni elfu tano, aziweke katika akaunti mpaka viza itoke, kisha azirudishe. Katika barua nikamwita “mkurugenzi wa kampuni,” maana lilisikika vizuri, ilhali karatasi zake za kodi zilionyesha kuwa ni mtu mmoja anayejiajiri. Barua nikaiandika kwa Kiingereza cha kurasa tatu, na ndani yake nikasema atakaa wiki moja. Fomu yake ilisema siku tano. Bima aliyoikata ilikuwa ya siku nne.

Jibu likaja kabla Julai haijesha: amenyimwa. Katika fomu ya kukataliwa palitiwa alama mahali pawili. Mosi, madhumuni na masharti ya safari hayakuthibitishwa. Pili, pana shaka kama mwombaji atatoka kabla viza haijesha muda wake. Ada ya yuro 90 hairudishwi. Alipokuja kunionyesha hakuinua sauti. Alisema tu, “Mwalimu, mimi nilifuata ulivyoniambia.” Usiku ule sikupata usingizi.

Nilipozitazama tena zile karatasi kwa jicho la mtu asiyemjua yule kijana, nikaelewa. Afisa wa viza hajui kwamba huyu ni mtoto wa watu, mwaminifu, ana mke na watoto wawili hapa. Mashahidi wake ni karatasi tu. Shahidi mmoja akisema mkurugenzi na wa pili akisema mtu binafsi. Mmoja akisema siku saba na wa pili siku nne. Na benki ikionyesha pauni elfu tano zilizoangukia akauntini wiki moja kabla ya maombi, bila asili yake kuelezwa, basi kesi imekwisha. Fedha chache zenye maelezo zina nguvu kuliko nyingi zisizo na maelezo. Njia ya mwongo ni fupi, na mwongo safari hii nilikuwa mimi.

Sasa utaratibu wenyewe.

Kwanza, mahali pa kuomba. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi 29, lakini maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari. Ukienda nchi mbili kwa shughuli zilizo sawa na siku zilizo sawa, omba kwa ile utakayoingia kwanza. Usiombe nchi nyingine kwa kusikia kwamba wao ni wapole. Na huombwa katika nchi unayoishi kihalali, kwa hiyo uthibitisho wa ruhusa yako ya kukaa Uingereza ni lazima.

Pili, wakati. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, nao waweza kurefushwa hadi siku 45. Wakati wa kiangazi nafasi za miadi huadimika. Mwenye safari ya Oktoba aanze shughuli Juni.

Tatu, pasipoti. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uendelee angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Nne, bima ya safari. Isipungue yuro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen, na ifunike kila siku ya safari, pamoja na ya kwenda na ya kurudi.

Tano, mwaliko. Kampuni inayokualika iandike katika karatasi yake rasmi: wewe ni nani, mnakutana kwa jambo gani, wapi, tarehe zipi, na nani analipa nauli na malazi. Kama ni maonyesho, ambatisha tiketi ya kuingilia. Kumbukeni kwamba viza hii ni ya mikutano, mapatano na kutazama bidhaa. Si ruhusa ya kuajiriwa.

Sita, uthibitisho wa shughuli yako hapa: karatasi za kodi, hati ya pango la duka, ankara za wateja, taarifa za benki za miezi kadhaa zikiwa kama zilivyo. Mwenye familia aonyeshe familia. Hayo ndiyo yanayomwambia afisa kwamba una sababu ya kurudi.

Saba, alama za vidole. Huchukuliwa unapokwenda mwenyewe na hutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo mwenye viza ya karibuni huenda asihitaji kuzitoa upya.

Anayenyimwa ana haki ya kukata rufaa kwa sheria za nchi iliyomnyima, au aombe upya na kulipa ada upya. Sisi tuliomba upya, na ada ile niliilipa mimi. Fedha za ami zilikwisharudi kwa mwenyewe. Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja: nauza viungo, najiajiri, mapato yangu ni haya, nitaondoka tarehe 3 na kurudi tarehe 9 Oktoba, hoteli inalipwa na wenyeji wangu. Zile pauni elfu tano tulizieleza kwa sentensi mbili, kwamba zilikuwa mkopo wa ami na zimerudishwa, tukaambatisha barua ya ami mwenyewe. Kabla ya kufunga bahasha tulikaa mezani tukalinganisha jina, tarehe na kiasi katika kila karatasi, kama nilivyokuwa nikisahihisha mitihani.

Viza ilitoka Septemba. Ilikuwa ya safari moja na siku chache, lakini ilitosha. Alikwenda na karatasi zake mkononi, maana hata mwenye viza aweza kuulizwa mpakani, akarudi tarehe aliyoandika. Amepata mteja mmoja wa karafuu. Si utajiri, bali ni mwanzo.

Nawaonya juu ya jambo moja la mwisho. Wapo watu wanaouza taarifa za benki na mialiko ya kubuni. Kukataliwa kwa ajili ya hati bandia huingia katika kumbukumbu ya pamoja ya nchi zote hizo, na huweza kubaki humo miaka 5. Ushauri niliompa yule kijana haukuwa mbali sana na biashara yao, na ndiyo maana nimeuandika hadharani. Nimemwomba radhi, naye amenisamehe.

Mwenye bahasha yake na ailete. Nitaisoma, lakini sitaipamba.

Wassalaam,
Mwalimu wenu